Bata bukini wamejaa bwawani kwetu Minnesota, meneja anataka nivunje mayai. Nifanyeje?

MvuviWaPangani – 28 Machi

Assalaam aleikum na habari za jioni wote.

Mimi ni mtunza viwanja kwenye nyumba za kupanga pembezoni mwa Minneapolis. Majengo sita, katikati kuna bwawa la kukusanyia maji ya mvua, na kulizunguka bwawa kuna nyasi fupi kama zulia, ambazo nazikata mwenyewe kila Jumanne na Ijumaa kuanzia Mei. Ukitazama kutoka ghorofa ya tatu panapendeza sana. Ila wanaopapenda zaidi ni wale bata bukini wakubwa wa Kanada, wenye shingo nyeusi na kidevu cheupe.

Mwaka jana jozi moja ilijenga kiota kwenye tuta la maua, hatua nne tu kutoka mlango wa jengo la tatu. Dume alimrukia mzee mmoja Mkongo aliyekuwa anatoka kwenda dukani, akampiga bawa, mzee akaanguka na kuchubuka kiwiko. Niliumia kwa sababu yule mzee hunisalimia kila asubuhi kwa Kiswahili cha Bukavu, na ni mimi niliyemwambia bata hawana neno. Jioni ile nikaenda nikayatoa mayai yote matano nikayatupa. Sikujua kama kuna sheria. Baada ya wiki tatu hivi yule jike alikuwa anaatamia tena, safari hii nyuma ya pipa kubwa la taka, mayai manne.

Sasa meneja ameniambia mwaka huu nivunje kila yai nitakaloliona. Moyo wangu unasita. Lakini pia siwezi kusema hakuna shida. Watoto wanacheza mpira kwenye zile nyasi na wanarudi kwa mama zao na mavi ya bata magotini. Kila asubuhi nasafisha njia ya saruji kwa koleo na mpira wa maji, ikifika saa sita imechafuka tena.

Naomba anayejua aniambie sheria inasemaje, na ipo njia gani ambayo si ya kikatili. Na jambo lingine: meneja anasema bata wapo mia. Mimi nikihesabu leo napata thelathini, kesho themanini. Nitajuaje idadi yao ya kweli?

Kijana_wa_Kilosa – 28 Machi

Pole sana ndugu. Nauliza kwa nia njema kabisa: kwani huko hawaliwi? Huku kwetu bata mwitu ni kitoweo. Ndege mkubwa vile, watu mnanunua nyama dukani na yeye anatembea mlangoni.

MamaRehema_Rochester – 29 Machi

Mwanangu wa Pangani, wa aleikum salaam. Mimi ni mtu wa Tanga mjini, nipo Rochester, Minnesota, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila majira ya kuchipua natembelea viota pamoja na wenzangu wa kujitolea, huu ni msimu wangu wa nane. Nitakueleza kwa urefu maana umeuliza kabla ya kuvunja, na Aprili ndiyo hiyo inabisha hodi.

Kwanza, usiguse yai lolote kabla hujajisajili. Ndege hawa wanalindwa na mkataba ambao Marekani na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, walitia saini mwaka 1916, na sheria yake ya Marekani ikapitishwa 1918. Ulichofanya mwaka jana kilikuwa kosa. Ulikuwa hujui, sasa unajua. Idara ya shirikisho ya Samaki na Wanyamapori inaruhusu mwenye mali, au anayemwakilisha, kuharibu viota na mayai ya bata wakazi, yaani wanaozalia huku na si wapita njia, kati ya tarehe 1 Machi na 30 Juni, kwa sharti ajisajili kwanza kwenye tovuti yao. Ni bure, na unajisajili upya kila mwaka. Msimu ukiisha unaripoti viota vingapi na mayai mangapi, kabla ya 31 Oktoba. Halafu piga simu idara ya maliasili ya jimbo lako uulize kama wana masharti yao ya nyongeza, maana baadhi ya majimbo yanayo. Hakikisha jina lako limo kwenye usajili wa meneja. Akikuambia “nenda tu”, mwambie utaenda karatasi ikiwa mfukoni.

Pili, kuvunja mayai hakusaidii, na wewe umeshaliona hilo kwa macho yako. Jike akiona kiota kitupu mapema, anataga tena. Unachotakiwa kufanya ni kuyafanya mayai viza na kumwachia ayaatamie. Unalipaka kila yai mafuta ya mahindi matupu, si mchanganyiko, si ya alizeti, hakikisha ganda lote limepata. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana ambavyo hewa hupitia. Mafuta yanaviziba, kiinitete hakiendelei kukua. Unayarudisha kiotani kama yalivyokuwa. Mama anarudi, anahisi mayai yake yapo, anaatamia siku zake 25 hadi 28 na kupita, na anapokuja kukata tamaa muda wa kutaga tena umekwisha.

Sasa hapo kwenye moyo kusita. Mimi pia nilisita mwaka wa kwanza, nililia kwenye gari. Aliyenifundisha alinionyesha ndoo ya maji. Unaliweka yai ndani taratibu. Yai changa linazama na kulala chini. La siku kadhaa linazama lakini linasimama kwa ncha. Yai linaloelea limeshapita wiki mbili hivi za kuatamiwa, kilichomo ndani ni kifaranga kinachoelekea kukamilika. Hilo hatuligusi. Tunalifuta maji, tunalirudisha, tunamwachia mama yake. Mimi sijawahi kuivunja kanuni hiyo, hata pale kiota kilipokuwa mlangoni pa shule. Kwa hiyo ukitaka usikutane na mayai yanayoelea, nenda mapema na nenda tena. Jike hutaga yai moja kila siku moja na nusu hivi, mayai matano au sita kwa kawaida, na huanza kuatamia hasa akishamaliza. Huku kwetu anza katikati ya Aprili, rudia kila baada ya siku saba hadi kumi mpaka mwanzoni mwa Mei. Andika namba kwa penseli juu ya kila yai ulilopaka, ukirudi utajua lipi jipya.

Usiende peke yako. Muwe wawili: mmoja anashughulika na mayai, mwingine amesimama kati yake na dume, ameshika mwavuli mkubwa uliofunguliwa. Si wa kumpigia. Bata akiona kitu kipana mbele yake hujizuia. Mtazameni usoni, mkirudi nyuma rudini polepole, msikimbie wala kumpa mgongo. Vaeni glavu, na mkikuta ndege aliyekufa msimshike kwa mikono mitupu, tangu 2022 mafua ya ndege yamewapiga sana bata wa bara hili. Na jambo la mzee wa Bukavu: msogezee kibao cha onyo na kamba mlango ule tangu siku jozi inapoanza kukaa hapo, usingoje yai la kwanza.

Kuhusu idadi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ndiyo maana namsihi kila mtu ahesabu kabla hajafanya lolote. Ukihesabu Oktoba unawahesabu na wageni waliotoka kaskazini ya mbali, wapo safarini. Ukihesabu saa tisa mchana unawahesabu wa bwawa la jirani waliokuja kula. Ndiyo hiyo thelathini yako na themanini yako. Kuna wakati mmoja tu ambapo bata wako ni wako: kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Julai, wanapopukutisha manyoya ya mabawa yote kwa pamoja na hawawezi kuruka. Alfajiri, njia ileile, siku tatu mfululizo, wakubwa mbali na vifaranga. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea meneja.

Lakini pia hesabu viota sasa. Chora ramani ya kiwanja kwenye daftari, kila kiota weka alama na tarehe. Kiota kimoja ni ndege wawili wanaozaa. Ukipata viota saba na ukaona wakubwa arobaini, basi ishirini na sita kati yao ni vijana, maana hawa kwa kawaida hawazai mpaka wafike miaka miwili au mitatu, au ni waliokosa kiota. Ni makundi mawili tofauti kabisa hayo, na dawa yao si moja.

Na hapa kuna jambo ambalo nilipolielewa nilifurahi sana. Bata asiye na vifaranga hana kinachomfunga. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni wengi wao huruka kwenda kaskazini, wengine hadi karibu na Hudson Bay huko Kanada, wakabadilishe manyoya huko. Mwenye vifaranga hawezi, anabaki kwenye nyasi zako kiangazi chote. Kwa hiyo yai viza halipunguzi vifaranga tu, linawafungulia njia wazazi pia, na uwanja unapumua katika ile miezi watoto wanapocheza mpira. Usitegemee wapungue mwaka wa kwanza lakini. Ndege huyu anaweza kuishi miaka kumi, ishirini. Hii ni kazi ya misimu mingi.

Mwisho, nyasi zako. Mwanangu, wewe ndiye unayewapikia. Nyasi fupi, laini, zenye mbolea, zinazofika hadi majini: chakula kipo, adui anaonekana kutoka mbali, na kifaranga asiyejua kuruka anateremka majini kwa hatua chache. Ziache mita sita au zaidi kutoka ukingo wa maji bila kukata, ziote mpaka kiunoni, na kama meneja atatoa fedha panda majani marefu ya asili ya nyanda za huku na vichaka. Njia ya kufika bwawani iwe na kona, isinyooke, ili bata akisimama kwenye nyasi asiyaone maji. Asipoona maji hajisikii salama. Na wapangaji waache kuwapa mkate.

Kijana wa Kilosa, umeuliza vizuri. Wanaliwa, na wawindaji wana msimu wao, huku unaanza Septemba, kwa leseni. Ila kufyatua bunduki katikati ya nyumba za watu hakuruhusiwi, na kumkamata kwa mkono bila kibali ni kosa la shirikisho.

Karani_Denver – 29 Machi

Mama Rehema amesema yote, mimi naongeza la upande wetu tu. Natoka Nakuru, niko Denver. Mwaka 2019 hapa jiji liliamua kuwapunguza kwa nguvu. Waliwakusanya bata kutoka bustani za umma wakati huo huo wa manyoya kupukutika, wakawachinja 1,662, nyama ikapewa watu wenye uhitaji. Nilikuwa nakimbia asubuhi kwenye bustani mojawapo, wiki moja bata wamejaa kando ya ziwa, wiki iliyofuata kimya. Watu walikasirika sana, wakaandamana. Na kusema ukweli wengine walishukuru. Mimi sikatai kwamba kuna mahali inabidi, kwa mfano karibu na uwanja wa ndege. Tunakumbuka ile ndege ya abiria iliyotua mtoni Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009, baada ya bata hawa kuingia kwenye injini zote mbili. Mungu aliwaokoa wote 155. Huko Alaska mwaka 1995 hawakuwa na bahati hiyo, wanajeshi 24 walikufa.

Lakini kiwanja cha nyumba za kupanga si uwanja wa ndege. Nyasi zikibaki zilezile na maji yaleyale palepale, nafasi ya waliochinjwa inajazwa na wengine. Anza na mayai na nyasi.

Swali kwa Mama Rehema: mbwa je? Hapa kuna kampuni zinakodisha mbwa wa kuchunga kondoo wawafukuze.

MamaRehema_Rochester – 30 Machi

Mbwa wanafaa, kwa wakati wake. Machi, kabla jozi hazijachagua pa kujenga, na tena vuli. Mbwa hamgusi ndege, anamtazama tu na kumnyemelea kama mbweha. Ila asiletwe kukiwa na mayai au vifaranga, wala wakati hawawezi kuruka. Kumfukuza ndege asiye na mabawa ni kumtesa, na sheria nayo haikubali kumdhuru. Na ujue mbwa akiondoka na bata wanarudi, kwa hiyo ukianza endelea kila siku mpaka wazoee kwingine, na hao wengine watakuwa bwawa la jirani yako. Ongea na jirani kwanza.

Nikuambieni kitu ambacho kinanifanya niwe na subira na ndege hawa. Hapa Rochester kuna ziwa la mjini, Silver Lake. Kwa miaka mingi maji ya moto ya mtambo wa umeme yalilizuia lisigande wakati wa baridi, na bata wakalifanya kwao. Aina hii kubwa kabisa ya bata wa Kanada ilidhaniwa imekwisha duniani. Mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa Illinois, Harold Hanson, alikuja na wenzake kuwapima bata wa hapa. Walipowaweka kwenye mizani wakadhani mizani ni mbovu, kwa uzito walioukuta. Ni wao, wale waliosemekana wametoweka. Baada ya hapo majimbo mengi yakawazalisha na kuwasambaza kwa makusudi, watu wakafurahi kuwaona. Hao walio mlangoni kwako wametokana na kazi hiyo. Sisi binadamu ndio tuliowarudisha, tukawapandia nyasi, tukachimba mabwawa. Kwa hiyo tunapowapunguza, tuwapunguze kwa adabu.

MvuviWaPangani – 12 Mei

Shikamoo Mama. Nimechelewa kurudi, kazi zilikuwa nyingi.

Meneja alijisajili tarehe 31 Machi, na jina langu limo. Alinuna kidogo kisha akaona ni dakika chache tu. Mtoto wa yule mzee wa Bukavu alijitolea kushika mwavuli. Tulipata viota nane, mayai 43. Viota saba, mayai 38, tumeyapaka mafuta. Cha nane kilikuwa kimejificha ndani ya matete upande wa mfereji, tulikiona tarehe 29 Aprili. Niliweka yai la kwanza kwenye ndoo likaelea. La pili likaelea. Nikaliona likitikisika peke yake majini. Nikayarudisha yote matano na mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Sijutii.

Mlango wa jengo la tatu tulifunga kamba tangu tarehe 3 Aprili na tukaweka kibao kwa Kiingereza, Kisomali na Kiswahili. Hakuna aliyeanguka.

Asubuhi hii nimehesabu wakubwa 41. Je, ni vibaya? Meneja anauliza mbona bado wapo.

MamaRehema_Rochester – 12 Mei

Marahaba mwanangu. Si vibaya. Viota nane ni wazazi kumi na sita, waliobaki 25 ni vijana. Mwambie asubiri Juni ipite, na wewe usiukate ule ukingo hata akikuambia unaonekana kama pori. Weka kibao kwamba ni eneo la mimea ya asili, watu hukubali wakijua ni makusudi.

MvuviWaPangani – 29 Juni

Mama, hesabu ya siku tatu: tarehe 27 wakubwa 19, tarehe 28 wakubwa 18, leo 19. Vifaranga vinne, ni vya kile kiota cha matete, wa tano hatukumwona tena. Nimekwenda alfajiri saa kumi na moja na nusu kila siku, nimezunguka bwawa kwa mkono wa kulia.

Nyasi za ukingoni zimefika juu ya goti. Naona wenyewe wamehamia upande mmoja, kule karibu na maegesho ambako ukingo wa saruji hauna nyasi ndefu. Upande wa uwanja wa mpira nasafisha mara moja kwa siku sasa, si mara tatu. Mama mmoja Msomali ameniletea sambusa ofisini.

Meneja ameomba niandike ukurasa mmoja apeleke kwa wenye majengo. Nimeandika viota, mayai, tarehe, na hizo hesabu tatu. Nimemwandikia pia kwamba Septemba wataonekana wengi tena, ili asishtuke.

Jambo moja: kuna jike ana pete ya chuma mguuni. Nimesoma tarakimu sita kwa kamera ya simu, nyingine zimeshikwa na tope. Nizipeleke wapi?

MamaRehema_Rochester – 29 Juni

Mashallah. Wametoka 41 hadi 19, wengi wa waliokosekana wako kaskazini sasa hivi.

Pete hizo ni za Maabara ya Pete za Ndege ya serikali ya shirikisho, huko Maryland. Namba kamili huwa na tarakimu nane au tisa, unaiingiza kwenye tovuti yao, nao wanakujibu alivishwa wapi na mwaka gani. Sita hazitoshi. Una kama wiki mbili kabla hawajaanza kuruka, kwa hiyo usimkimbize. Azima darubini, kaa chini mahali pamoja karibu na maegesho asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako, usubiri atoke majini. Wakitoka tope huwa limelowa na namba huonekana. Piga picha nyingi za mguu uleule, kila moja itakupa tarakimu mbili tatu, kisha uziunganishe.